Nondo haishiki makali, skrepa gani ninunue kwa kufulia visu na majembe?

mjikasoro

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Nipo Morogoro, kazi yangu ualimu ila huu mwaka wa pili sasa jioni na wikiendi nafua chuma nyuma ya nyumba, naipenda hii kazi mno. Tanuri langu ni rimu ya lori nimeikandika udongo wa kichuguu, upepo natoa kwenye feni ya mkono niliyoiunga na gurudumu la baiskeli, mdogo wangu anazungusha mimi nafua, mkaa ni huu huu wa kupikia. Moto hausumbui, chuma kinafika njano vizuri tu.

Shida ni chuma chenyewe. Mpaka leo nafua nondo za milimita 16, vipande vinavyobaki kwenye ujenzi, maana ndivyo nilivyokuwa navyo. Nimetoa visu vitatu, kwa macho vizuri kabisa, nimevitia maji vikiwa vyekundu kama nilivyoona wengine wanafanya. Cha kwanza nilimpa mama. Akakatia mchicha siku mbili, siku ya tatu nikakuta amerudia kile cha dukani na hakusema kitu. Iliniuma kwa kweli.

Kwa hiyo naomba kujua: kwenye skrepa nichukue kitu gani na nitakitambuaje, maana wale vijana wa mizani ukiwauliza kila chuma wanakwambia "hiki kigumu bosi". La pili sina fuawe, kile chuma kizito cha kufulia juu yake, nafulia kwenye dramu la breki nimeligeuza na limeshaanza kumeguka pembeni. Kuna kijana ameniletea kipande cha reli karibu mita moja, anataka 60,000, ananiharakisha nichukue leo leo. Nichukue? La tatu, mnadani nimeona vichwa vya nyundo vya zamani vimerundikwa chini bila mipini, bei rahisi kuliko mpya, vinafaa?

---

gereji_ya_zamani

Marahaba mwalimu. Nimekaa gereji za malori miaka mingi, Dar na Tanga, sasa napumzika lakini nyundo sijaiweka chini. Wewe huna kosa kwenye mkono, kosa lipo kwenye nondo. Nondo imetengenezwa ipinde bila kukatika ndani ya zege kwa hiyo kaboni yake ni ndogo, hata uitie maji mara mia haiwi ngumu ya kushika makali. Ifulie ndoano, misumari mikubwa, komeo za mageti, mipini ya koleo, huko itakusaidia sana. Kisu achana nayo.

Wewe tafuta springi za gari, zile bapa zinazopangwa chini ya lori au pikapu. Kaboni yake inacheza kwenye asilimia 0.5 mpaka 0.6, na sime nyingi za Wamasai unazoziona zimetoka humo humo. Koili springi, zile za kujizungusha, nazo nzuri, unazinyoosha kwenye moto kwanza. Gololi na vikombe vya beringi ndio vigumu zaidi, kaboni karibu asilimia 1, ila kwa anayeanza vinasumbua kufua, vinataka moto wa uangalifu. Na tupa zilizoisha meno, hizo usiache hata moja, tupa ya zamani ya kampuni nzuri ni chuma kigumu mpaka ndani, lakini angalia hizi tupa mpya za bei chee, nyingine ni ngumu juu tu kama ganda la yai, ndani laini.

Sasa springi usinunue kwa wale wa mizani, nenda gereji wanapobadilisha. Springi ikivunjika pati moja, yaani bapa moja kati ya yale yaliyopangwa, fundi anaitupa pembeni, mkute asubuhi msalimie vizuri ongea naye, utapata kwa bei ya kilo ya skrepa au bure kabisa. Ila sikiliza hili mwalimu. Springi iliyovunjika ina nyufa nyingine usizoziona. Fanya hivi: isugue mpaka iwe safi, ipake mafuta ya taa uache kama nusu saa, ifute ikauke kabisa, halafu paka unga wa chaki. Subiri. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha ndani yatapanda yenyewe yatachora mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Nyufa hukaa sana karibu na lile tundu la katikati la bolti. Nimeona mtu amefua panga wiki nzima, siku ya kulizimisha, yaani kulipoza ghafla likiwa jekundu, likatoka vipande viwili.

Kujua kama chuma kinashika ugumu usimuulize muuzaji, kiulize chenyewe. Kata kipande kidogo ukubwa wa kidole, pasha mpaka sumaku isikivute tena, ongeza moto kidogo tu, tumbukiza kwenye maji. Kikipoa pitisha tupa: ikiteleza kama unasugua kioo, kimekuwa kigumu, ikiuma bado laini. Kisha kiweke kwenye chuma kingine funika kwa gunia ukipige nyundo. Kikikatika ka! umepata, kikipinda rudisha kwenye nondo zako. Funika kwa gunia kweli, usipige wazi, kipande kile kinaruka na jicho halina spea.

Wenye grainda waangalie cheche. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka, vimaua vichache. Springi na tupa cheche zinapasuka pasuka kama fataki, tupa ndio zaidi. Kasti, chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, inatoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Na hilo dramu lako ni kasti ndio maana linameguka, lirudishe kwenye kazi inayolifaa, lifanye tanuri, fuawe litakuja kukuumiza.

Kisu chenyewe cha springi usikizimishe kwenye maji kama kile kipande cha majaribio, kinaweza kupasuka, tumia mafuta ya kula yaliyopashwa kidogo yawe vuguvugu ya mkono. Oili chafu ya injini wengi wanatumia ila moshi wake mbaya, mimi sitaki tena. Baada ya hapo usikiache kigumu hivyo, king'arishe, kiweke juu ya mchanga wa moto kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko, angalia rangi inavyotembea, ikifika rangi ya nyasi kavu toa. Hapo mama hatarudia kisu cha dukani.

---

dada_wa_nyundo

Sasa mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Mzee hapo juu amemaliza maneno ya springi, mimi nataka kuongea juu ya hiyo reli. Kaka, usinunue. Mtu anakuuzia kipande cha reli, hana karatasi, na anataka leo leo, jiulize imetoka wapi. Reli haiuzwi mtaani kama viazi. Ukikutwa nayo hutaambiwa ulikuwa unatafuta fuawe, wewe ndiye mwenye mali ya wizi, na wewe ni mwalimu.

Huku kwetu hii kitu imetuumiza wote. Tarehe 11 Januari 2022 stima ilipotea karibu nchi nzima sababu nguzo za laini kubwa ya umeme zilianguka, watu walikuwa wameng'oa vyuma vyake. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma kuukuu mpaka mwezi wa tano. Mimi nilikuwa nachukua vyuma vyangu kwa mzee mmoja mwaminifu sana, leseni anayo tangu sheria ya vyuma kuukuu ya 2015 ianze kuzitaka, akafunga kibanda miezi yote hiyo na watoto wako shule. Akalipia makosa ya watu hata hawajui. Kwa hiyo ukiona reli, engo za nguzo za umeme, vifuniko vya mitaro, vyuma vya kingo za barabara, hata vikiwa bei ya kutupa, ziache. Nunua kwa mwenye kibanda, mwenye leseni, akuandikie risiti hata ya mkono iwe na tarehe na uzito.

Fuawe si lazima ifanane na ya picha, ile yenye pembe. Tembea Kamukunji uone, mtu anakunja karai na masanduku ya shule siku nzima juu ya kipande cha shafti au bomba nene amekichimbia chini. Unachotaka ni uzito ulioko chini ya nyundo yako. Tafuta shafti nene ya mashine, sentimita 10 upana, nusu mita urefu, hiyo peke yake ni karibu kilo 31. Isimamishe wima kwenye gogo au ndoo ya zege, iingie ndani robo tatu, halafu fulia kwenye kichwa chake. Uso ni mdogo, lakini nyundo pia inagusa mahali padogo. Uma wa foklifti pia ni chuma kizuri sana ukiupata.

Ukienda kununua beba gololi ya beringi mfukoni. Idondoshe juu ya hicho chuma kutoka kama sentimita 30. Ikiruka ikarudi juu sana hicho chuma kigumu, kinakurudishia nguvu yako, mkono hautachoka haraka. Ikidunda kidogo ikalala, bado unaweza kukitumia lakini bei ipungue.

---

mgweno

Mwalimu umenifurahisha. Mimi natokea Ugweno, Upare ya kaskazini, kwetu ukoo wa Washana ndio wahunzi, na zamani Wachaga walikuwa wanakuja kununua majembe na chuma kwetu. Wazee walikuwa wanayeyusha wenyewe kabla vyuma vya kutoka nje havijawa rahisi, kwa hiyo ukiona mtu wa leo anaokota springi anafua jembe usidhani ni kazi mpya, mkono ni ule ule, kilichobadilika ni chuma kinapotoka.

Kwenye nyundo: vichwa vya zamani nunua bila wasiwasi ila tazama uso. Kama kingo zimetanuka kama uyoga, sawazisha kwa grainda au tupa kabla hujapiga nayo hata mara moja, hizo kingo huruka kama risasi. Ukiona ufa kwenye tundu la mpini rudisha chini, hata akikupa bure. Mpya nyingi uso ni bapa na kingo kali, zinakata chuma chako, wewe mviringishe kidogo uso wake kama mgongo wa kijiko. Kwa mkono wa kuanza kilo moja inatosha, watu wanakimbilia nyundo ya kilo mbili halafu bega linawasumbua. Mpini weka mpera, ukauke kivulini polepole, ukikausha juani unapasuka.

Na ambalo hujauliza ila lazima niseme. Usitie kwenye moto chuma chenye zinki, mabomba ya maji yale yanayong'aa kijivu, nati na bolti za kung'aa, vipande vya mabati. Zinki inachemka nyuzi 907, moto wako wa njano umeshapita hapo, utaona moshi mweupe na unga mweupe umekaa juu ya makaa. Nilivuta huo moshi mchana, usiku nikatetemeka, baridi, homa, viungo vyote vinauma, nikajua malaria. Kipimo hakikuona kitu. Siku ya pili ikapungua lakini nilikuwa nimefungua mlango na nilikuwa nimechoma bolti chache tu, anayechoma bomba zima ndani ya chumba anaweza asiamke. Kunywa maziwa hakukingi, tusidanganyane. Loweka kwenye siki mpaka zinki yote itoke au acha kabisa. Spana zenye kromu vile vile, usizichome.

Shokapu usiziweke kwenye moto zikiwa zimefungwa. Ndani kuna mafuta na nyingine zina gesi, zinalipuka. Hata bomba tupu lililozibwa pande zote mbili ni bomu.

---

kuku_wa_kienyeji_tz

Samahani kuingilia, mimi nina sahani za diski ya trekta, zile za kulimia, zimeisha. Zinafaa visu?

---

gereji_ya_zamani

Zinafaa sana, chuma cha majembe ya trekta ni kigumu na tayari ni bapa, hufui sana unakata tu. Jaribu kipande kidogo kwanza kama nilivyosema. Kila chuma kijaribu, hata kama jana ulinunua kinachofanana nacho mahali hapo hapo.

---

mjikasoro

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, samahani kwa kimya. Reli niliikataa siku ile ile, kijana alinuna akaondoka nayo. Jumamosi nilikwenda gereji moja ya malori nikakaa na fundi karibu saa nzima, nikatoka na pati mbili za springi, kilo 9, akanitoza 10,000. Nilipaka mafuta ya taa na chaki kama mzee alivyosema. Nikakaa nimechuchumaa naangalia. Kwanza hakukuwa na kitu, halafu taratibu mstari ukaanza kujichora, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye tundu, unakatiza upana karibu wote. Nisingeujua kamwe. Nikakata nikaacha sehemu hiyo, kisu nikakifua kutoka upande wa ncha.

Kipande cha majaribio kilikatika safi, ndani rangi ya kijivu chembe ndogo ndogo kama velveti, natumaini ndivyo inavyotakiwa mzee? Kisu kimetoka, nilizimisha kwenye alizeti, rangi ya nyasi kavu niliipata mara ya pili, ya kwanza ilinikimbia ikawa ya zambarau nikarudia kuzimisha. Mama anacho tangu Jumapili, bado anakitumia.

Shafti nimepata kwa mwenye kibanda mwenye risiti, imetoka kwenye mashine kuukuu ya mkonge, kilo 34, gololi inaruka vizuri tu. Sasa nimekwama kwenye mpini, mpera niliokata bado mbichi na kichwa cha nyundo kipo mezani kinanitazama. mgweno, niusubiri miezi mingapi au kuna mti mwingine huku Moro naweza kuupata umeshakauka?

---

mgweno

Chembe ndogo za kijivu ndizo, mzee atakubaliana na mimi, zikiwa kubwa zinang'aa kama sukari ujue ulizidisha moto. Mpera subiri miezi mitatu minne hivi, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili usipasuke. Kwa sasa pita kwa mafundi seremala uombe kipande kikavu cha mninga, chagua ambacho nyuzi zake zimekwenda moja kwa moja toka mwanzo mpaka mwisho. Usigongomee na misumari, kabari ya mti inatosha.