Mjadala: Kila mwalimu apange somo kwa watoto wote, au kazi hiyo ibaki ya shule maalum?

Mwanzisha mada, Kisumu

Sera ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka watoto hawa wasome na wenzao katika shule za kawaida kadiri inavyowezekana. Walimu wengi ninaozungumza nao hapa Kisumu husema hawana vifaa, kwa hiyo mtoto apelekwe shule maalum. Napinga. Kabla ya vifaa kuna jinsi somo lenyewe linavyopangwa. Tunalipanga kwa mtoto anayeona ubao vizuri, anayesikia, anayenakili haraka na anayetulia dakika 35. Wengine tunawakumbuka wakishaachwa nyuma.

Chukua somo la nusu na robo. Mwalimu anaandika robo tatu ubaoni na kusema, "Tazameni hapa." Mwenye uoni hafifu hapo hapo hana lake. Lakini mwalimu akitamka kila anachoandika, na kila mtoto akakunja karatasi mara mbili, akaifungua na kupaka rangi sehemu tatu kati ya nne, yule asiyeona ubao anazihesabu sehemu hizo kwa kupapasa mikunjo kwa vidole. Asiyeandika upesi anaeleza kwa mdomo. Hata yule tunayemwita mwerevu anaelewa kwa nini nusu na robo mbili ni kitu kimoja. Karatasi ya daftari kuukuu inatosha.

Wazo hili lilianzia kwenye majengo. Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyetumia kiti cha magurudumu, alisisitiza kwamba jengo lifikirie watumiaji wote tangu linapochorwa. Shirika la elimu la CAST, lililoanzishwa Massachusetts mwaka 1984, lililipeleka darasani: njia zaidi ya moja ya kumvuta mwanafunzi, ya kumfikishia somo, na ya yeye kuonyesha alichoelewa.

Mwalimu wa msingi, Kakamega

Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu, lakini darasa unalolieleza silo langu. Mimi nina watoto wanaobanana wanne kwenye dawati moja. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hakuna anayesikia chochote, awe na masikio mazima au la. Huko kutamka ninachoandika kutasaidia nini? Na nikishawaruhusu wajibu kwa mdomo, gredi ya sita wanakutana na KPSEA, mtihani wa kuchagua jibu kwenye karatasi. Nitakuwa nimewaandaa au nimewapotosha? Mwalimu mmoja akibebeshwa yote haya bila msaidizi, atachoka, na atakayeumia kwanza ni yule yule mtoto unayemtetea.

Mwalimu wa viziwi, Siaya

Naunga mkono mpango wa somo kwa wote, ila viziwi msiwaweke kapu moja na wengine. Mtoto kiziwi akiwa peke yake kati ya watoto sitini wasiojua ishara, huko ni kumtenga mbele ya watu. Lugha hukua kwa kuzungumza na wenzako, na wenzake wako katika shule za viziwi za Maseno, Mumias, Nyangoma. Wanagombana kwa ishara, wanasengenyana kwa ishara, wanaulizana hesabu bwenini kwa ishara. Hakuna karatasi ya kukunja itakayompa hayo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kusoma katika shule zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inayomfaa yeye, na kinampa pia haki ya kutumia lugha ya ishara. Kisomeni chote.

Mzazi, Nakuru

Wangu anaona, anasikia, anakimbia. Ila herufi zinamchanganya. Ukimwuliza historia ya kwao atakusimulia hadi uchoke, ukimpa insha anarudi na mistari miwili na machozi. Hakuna shule maalum itakayompokea, na darasani anaitwa mvivu. Sasa walimu wangu, huyu ni wa nani?

Mwanzisha mada, Kisumu

Mama, huyo ni wetu, na wa aina yake wamo karibu kila darasa. Ndiyo maana sikubali tungoje hadi mtoto apimwe na kupewa karatasi ya tathmini ndipo mwalimu abadilishe somo.

Mwalimu wa Siaya, nakubaliana nawe kabisa. Shule za viziwi zibaki na ziongezewe walimu. Shule ya vipofu ya Kibos nayo ibaki, na ningependa walimu wake wapewe nafasi ya kuwafundisha walimu wa shule jirani misingi ya breli.

Mwalimu wa Kakamega, mvua yako inanipa hoja. Kama sauti inaweza kuzimwa na mabati, basi sauti peke yake haijawahi kutosha; na ubao peke yake vivyo hivyo. Saa ile ya mvua, karatasi ya kukunja na jirani wa kuonyeshana naye ndiyo njia iliyobaki. Kuhusu msaidizi, sina ubishi: TSC, tume inayoajiri walimu, ilete walimu zaidi, na tulidai pamoja. KPSEA hatuitungi sisi, lakini majaribio ya kila wiki ni yetu. Maswali yasomwe kwa sauti, na mtoto wa mama huyu ajibu kwa mdomo huku wenzake wakiandika. Kuna aliyejaribu hivyo shuleni kwake? Mwalimu mkuu alisemaje?