Naomba ushauri, makala ya Madawi al-Rasheed imenikwamisha

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naandika makala fupi kuhusu Madawi al-Rasheed, yule mama profesa wa anthropolojia wa Saudia anayeishi London, alivuliwa uraia 2005 na 2020 akawa msemaji wa chama cha upinzani alichoanzisha na wenzake wakiwa uhamishoni. Shida ni hii, ukoo wake ndio uliotawala Ha'il, mji wa kaskazini mwa Saudia, mpaka Ibn Saud, mwanzilishi wa ufalme wa sasa wa Saudia, alipouteka 1921, sasa kila nikimsomea mwenzangu anasema aah huyo analipa kisasi cha babu tu. Inaniuma, kazi zake za utafiti ni za miaka mingi jamani. Aya ya kwanza nimeifuta mara tatu, nikianza na Ha'il anaonekana anadai ufalme, nikiiacha naona namficha msomaji. Mngekuwa nyie mngeiweka wapi?