Naombeni ushauri: kanuni za miti zinarekebishwa, na mti wangu mwenyewe umo ndani

KatibuWaMtaa
Mulembe wakuu. Mji sitautaja, kamati yetu ina watu kumi na mmoja na karibu wote husoma humu. Ni huku magharibi, upande wa Kakamega.

Manispaa inarekebisha kanuni za miti. Zile za zamani ziligusa miti ya barabarani na ya viwanja vya umma tu. Rasimu mpya inaingia mpaka ndani ya ploti ya mtu: mti wowote wenye "unene wa sentimita 30" haukatwi bila kibali, kibali kina ada, na ukikata mmoja unapanda mitatu. Wakazi tumepewa mpaka mwisho wa mwezi tupeleke maoni kwa maandishi, na kalamu nimeishika mimi.

Shida ya kwanza: tangu tangazo lisomwe kanisani, misumeno ya injini haijanyamaza. Watu wanakata kabla sheria haijawakuta. Jirani wa chini ameangusha miembe miwili ambayo ndiyo kwanza ilianza kuzaa mwaka jana. Nikamuuliza, akasema alizungusha kamba akapata 40, "na 40 si imepita 30?" Kumbe rasimu inamaanisha kipenyo, yaani upana wa shina toka ubavu mmoja hadi wa pili. Shina lenye mzingo wa 40 kipenyo chake ni 13 hivi. Miembe ile haikuwa hata karibu na kanuni. Amekata kwa sababu ya neno "unene".

Shida ya pili ni yangu. Kwenye kona ya ploti kuna mukumu, ule mtini wa porini, uliokuwepo kabla baba hajanunua shamba. Jumapili tuliupima kwa tepu ya cherehani ya mke wangu. Tepu inaishia 150, basi yeye akashika ncha na kidole, mimi nikazunguka, tukaweka alama ya chaki, tukaanza tena. Mzingo ni 283, maana yake kipenyo ni 90. Mzizi wake umeinua ukuta wa uzio wa jirani wa juu, ufa unaingia vidole viwili. Ananiambia mti uondoke. Nimemzungusha miaka miwili. Nikiukata sasa, nitakuwa katibu aliyeangusha mti mkubwa kuliko yote mtaani halafu akaketi kuandika maoni ya kulinda miti. Nikingoja, nitapanga foleni ya kibali na jirani atanishtaki.

Niandike nini, na mti nifanyeje?

FundiMsumeno
Katibu, wiki hii simu yangu haipumui. Kazi sikatai, nina watoto, lakini nimekata miti ambayo mwenyewe alikuwa anaiangalia kwa huruma huku nikiwasha injini.

Mukumu wako usiuguse kwanza. Ukuta wa uzio si nyumba. Bomoeni mita mbili pale penye mzizi, mwage linta ya zege, yaani boriti ya kulala, ivuke juu yake, uache nafasi ya ngumi moja chini, kisha mjenge juu ya linta. Mzizi utanenepa na ukuta hautajua. Asije mtu akakushauri ukate ule mzizi karibu na shina, hiyo ndiyo nanga ya mti. Siku ya upepo utalala juu ya huyo huyo jirani. Na usikubali ukatwe kichwa. Kidonda kikubwa huoza, na machipukizi yanayotoka pale hushikilia kwa ngozi tu. Baada ya miaka michache yanaanza kuanguka yenyewe. Pogoa matawi ya upande wa jirani, kidogo kidogo, basi.

MamaGrevilea
Nina grevilea sitini mpakani. Nilizipanda mwenyewe, kila Januari naangusha mbili tatu, karo inatoka. Sasa nilipie ada mti nilioupanda kwa mkono wangu? Rasimu ikipita hivyo nang'oa zote napanda nyasi za nepia, na hakuna mtu atakayeniuliza. Tena kusafirisha mbao tayari natafuta kibali cha Shirika la Misitu. Vibali vingapi kwa mti mmoja?

Andika kwamba miti ya mbao aliyopanda mtu kwake haimo. Walinde mukumu, mvule, murembe, mutere, ile ambayo hakuna anayeipanda tena.

WakiliMdogo
Mama ana hoja. Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Haifiki huko kwa kuwatisha wanaopanda.

Ila angalia rasimu yenu imemwacha nani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inazitaka kaunti zihakikishe anayejenga mtaa mzima wa nyumba anatenga angalau asilimia 5 ya ardhi hiyo iwe eneo la kijani. Je, kanuni zenu zinasema hilo linakaguliwa lini na nani? Naona zinamkimbiza mwenye mwembe mmoja na tingatinga linapita.

Kuhusu mti wako: kabla hujaandika neno, tangaza mbele ya kamati kwamba una mukumu wenye mgogoro, na liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Kile kifungu cha mgogoro wa majirani akiandike mwingine.

Jakaranda_Nakuru
Watu watakuletea mfano wa ule mugumo (mtini kama wako) wa Waiyaki Way, Nairobi, uliookolewa na amri ya rais Novemba 2020 barabara ya juu ilipokuwa inajengwa. Nilifurahi kama wote. Lakini mti unaohitaji rais ili usikatwe ni ushahidi kwamba kanuni hazipo.

Msafiri_Leicester
Huku Uingereza, kwenye maeneo ya hifadhi ya mji, mti wenye kipenyo cha kuanzia milimita 75 ukitaka kuukata unawapa halmashauri taarifa wiki 6 mapema. Hakuna ada. Wakikaa kimya wiki 6 zikaisha, unakata. Wakiutaka ubaki, wanautolea amri ya ulinzi. Mzigo wa kuharakisha ni wao, si wako.

NyarKisumo
Huko barua hujibiwa, kaka. Lakini hilo la ukimya ni zuri, liandike: siku 21 bila jibu ni ruhusa. Uone ofisi itakavyoamka.

Na kile kipimo kibadilishwe. Nani ana kifaa cha kupima kipenyo nyumbani? Singapore, kwenye maeneo yao ya kuhifadhi miti, wanahesabu mzingo: ukizidi mita 1 unaomba ruhusa. Kamba kila mtu anayo, hata ya mbuzi.

Kuka_wa_Bungoma
Murembe wala haujawahi kuandikiwa kanuni. Watu waliuapia, na hata kuni zake huoni mtu akibeba. Nyinyi andikeni, sikatazi. Nawaambia tu kwamba ada si kitu cha kwanza kumzuia mtu.

FundiMsumeno
Kuka, wateja wangu wa leo wengi wamezaliwa mjini. Murembe hawaujui hata ukichanua.

KatibuWaMtaa
Asanteni, nimekaa na majibu yenu siku tatu. Jana kwenye kikao nilitangaza habari ya mukumu. Mmoja alicheka, mmoja akataka nijiuzulu, mwenyekiti akasema iandikwe tuendelee.

Nimeandika hivi, nikosoeni: "Mti wa asili ambao kamba ikizungushwa kwenye shina, mita 1.3 toka ardhini, inazidi mita 1, haukatwi bila kibali. Kibali hakina ada. Jibu litoke ndani ya siku 21, likikosekana ni ruhusa. Mti uliokufa au unaotishia nyumba unakatwa kwa taarifa na picha. Miti ya mbao iliyopandwa na mwenye ploti haimo." Mita 1 ya mzingo ni kipenyo cha 32, kwa hiyo hatujaenda mbali na chao. Asilimia 5 nimeiweka mwanzo kabisa, ukurasa wa kwanza. Lililobaki kunisumbua ni mti ulio kwenye mteremko: mita 1.3 napimia upande wa juu au wa chini? Ploti zetu nusu ni milima.

Jirani wa juu amekubali linta nikilipa nusu. Fundi, niandikie bei inboksi. Na kama kuna mwenye miche ya miembe ya kupandikiza, yule wa chini anaulizia miwili.

FundiMsumeno
Pima upande wa juu. Bei nakutumia jioni.