Tupeane uzoefu: waliowahi kutoa barua gerezani kwa siri, yaliwakuta nini?

Wakuu, mdogo wangu ni mahabusu. Juzi mahakamani, akishuka kwenye karandinga, alinipenyezea kikaratasi nimpelekee mtu. Bado ninacho. Aliyepitia haya anisaidie.

Mama Mapacha: Pole sana. Mume wangu akiwa rumande alinirudishia hotipoti, barua iko kwenye nailoni chini ya ukoko wa wali. Askari wa getini akaichokonoa kwa kijiko, akaiona. Ilikuwa ya ada ya watoto tu! Nililala kituoni, nikaandikwa maelezo, na mume akanyimwa wageni. Inaniuma hadi leo, maana barua hiyohiyo ingepitia kwa bwana jela, ikasomwa, ingenifikia bila tatizo.

Mstaafu wa Getini: Dada kasema kweli. Kutoa kitu gerezani bila idhini ya mkuu wa gereza ni kosa, uwe ndugu au askari. Askari akila hela ya soda ili aibebe, hiyo tayari ni rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanamhusu. Na nyingi tulizokamata hazikuwa za salamu. "Mwambie shahidi asije." "Ile pikipiki iuzwe haraka." Ukifikisha ujumbe wa namna hiyo huku unajua, unaunganishwa kwenye kesi. Mleta mada, umekisoma?

Mleta mada: Nimekisoma. Anataka nikamwone mlalamikaji tumalizane kabla ya tarehe ya kesi.

Mstaafu wa Getini: Usiende! Hata kama nia yako ni kupatanisha, watasema umeingilia ushahidi. Mwone wakili wenu kwanza, yeye ana haki ya kuonana na mteja wake.

Mwana wa Kisiwani: Huku Mombasa twamkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kuipinga serikali. Mashairi aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri. Waliomsaidia nawaheshimu mno, walijitia hatarini kwa sauti iliyozibwa. Lakini mfungwa mwenye malalamiko leo asilazimike kutafuta wa kumfichia. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, zasema malalamiko yake kwa mahakama au makao makuu ya magereza yasichujwe. Magereza yetu yazifuate, basi!

Mleta mada: Nashukuru nyote. Wakili anaenda kumwona Jumatatu. Mlalamikaji simfuati.