Mnanipasulia matoazi halafu mnaniambia ni bahati mbaya! Wapiga dramu wa Malindi, tuongee

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kazi ya harusi hapa Malindi, upande wa Casuarina. Seti ya dramu ilikuwa ya kukodi, matoazi, yaani zile sahani za shaba za kugonga, yalikuwa yangu, kama kawaida, kwa sababu matoazi yanayokodishwa hapa mjini yanalia kama vifuniko vya sufuria. Tukamaliza saa nne usiku, ikapanda bendi nyingine. Mpiga dramu wao akanijia: "Kaka, niachie matoazi basi, nyimbo tano sita tu." Nikamwachia. Ndivyo tulivyolelewa katika kazi hii, mwenzako humnyimi. Nikaenda zangu kula pilau.

Sahani ingali mkononi nikasikia krashi yangu ya inchi 18, lile toazi la kupigia mishindo, imebadilika. Toazi zima ukiligonga hupanuka, linajaza uwanja, halafu sauti inakwenda ikififia taratibu. Hili likawa linakatika. Linalia kavu, fupi, na chini yake kuna mtetemo kama mdudu aliyefungiwa kwenye kopo. Sikumaliza kula. Waliposhuka nikalivua kwenye stendi nikapitisha ukucha ukingoni polepole, nikizunguka. Ukucha ukakwama. Nikamulika kwa simu: ufa wa urefu wa kidole gumba, umeingia kutoka ukingoni kisha umekata kona na kuanza kufuata mistari ya kukerezwa, ile inayozunguka toazi.

Nikamwita kijana nikamwonyesha. Jibu lake: "Ah kaka, hiyo lazima ilikuwa na ufa tangu zamani. Bahati mbaya tu." Kiongozi wa bendi yao, mtu mzima ambaye namheshimu, akaongeza kwamba chuma nacho huchoka. Wakapakia vyombo wakaenda. Hakuna aliyesema pole, sembuse kuzungumzia pesa.

Krashi ile niliinunua Mombasa, mtumba, kwa shilingi 24,000. Mimi kwa usiku mmoja nalipwa 1,500. Fanyeni hesabu wenyewe: ni kazi kumi na sita, bila kula, bila nauli ya tuktuk, bila karo ya mtoto.

Sasa hili la "bahati mbaya" ndilo limenifungua mdomo, kwa sababu si mara ya kwanza. Msimu wa Desemba niliacha raidi yangu ya inchi 20, toazi kubwa la kushikia mdundo, kwenye hoteli moja ya ufukweni niliyokuwa nikipiga, wakawa wapigaji watatu wanapokezana. Nilipokwenda kuichukua baada ya Pasaka, tundu la katikati halikuwa duara tena. Lilikuwa limeliwa upande mmoja, limekuwa kama tundu la kufuli, na kwenye ncha yake ufa mdogo umeanza kuchungulia kuingia kwenye kitovu, lile tuta linalozunguka tundu. Ule msumari wa stendi ulikuwa umejaa vumbi jeusi jeusi katikati ya meno ya hesi. Lile vumbi ni toazi langu! Chuma cha stendi kilikuwa kimelisaga miezi minne na watu watatu wameketi mbele yake kila usiku, hakuna hata mmoja aliyeona.

Toazi halipasuki kwa bahati. Linapasuliwa. Na namna ya kulipasua ni chache, zote mnazifanya.

Anzeni na kile kijibomba cha plastiki kinachovaa kwenye msumari wa stendi, mahali toazi linapokaa. Kazi yake ni moja tu, kuzuia shaba isigusane na hesi. Msumari ule ni wa chuma kigumu na una meno, yaani ni tupa. Ukilikalisha toazi juu yake bila plastiki, kila pigo ni mkato mmoja wa tupa. Chini yake panatakiwa wosha ya chuma na juu ya wosha kipande cha felti, kile kitambaa kinene cha sufu, na juu ya toazi felti nyingine kabla ya nati. Hivi vitu vinapotea kwa sababu ni vidogo, hilo naelewa. Ninachokataa ni kwamba vikipotea hakuna anayevirudisha. Kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki, urefu wa vidole viwili, kwa fundi yeyote wa bodaboda hapa Maweni unapewa karibu bure. Kandambili iliyochakaa ukiikata duara na kuitoboa katikati inakaa vizuri badala ya felti. Mimi nimetumia hivyo miaka na matundu ya matoazi yangu mengine ni duara mpaka leo.

Halafu nati. Ile nati yenye masikio mnaikaza kana kwamba toazi litaruka liende Watamu. Nimemwona mtu akimalizia kwa plaisi, wallahi, plaisi! Toazi linapopigwa hujipinda. Hulioni kwa macho lakini linajipinda, mawimbi yanatoka pale fimbo ilipotua yanakimbia mpaka ukingoni na kurudi. Likiwa limeachwa huru linayumba, linalala na kuinuka, na nguvu ya pigo inatoka kwa ule myumbo na kwa sauti. Likiwa limebanwa, nguvu ile haina pa kwenda ila ndani ya shaba yenyewe. Chukua waya, kunja na kunjua mahali pamoja mara ishirini uone unavyokatika. Huko ndiko kuchoka kwa chuma alikokuwa akikusema yule mzee, na ni kweli chuma huchoka, lakini kuna mtu anayekichosha. Kaza nati hadi iguse felti, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja au zaidi. Ukilisukuma toazi kwa kidole linatakiwa liyumbe mara kadhaa kabla ya kutulia.

La tatu ndilo lililoniua Jumamosi, na hili ni la mkono. Kijana aliliweka toazi juu, usawa wa paji la uso, limelala sawasawa kama sinia la biriani. Ukiliweka hivyo fimbo haiwezi kutua juu ya mgongo wa toazi. Inaugonga ukingo uso kwa uso, kama mtu anayekata kuni. Ukingo ndio mahali pembamba kuliko pote. Na alikuwa akipiga na kuisukuma fimbo, anaifuata na mkono mzima hadi chini, kama anataka itokee upande wa pili. Toazi linapigwa kwa kupapasa: liinamishwe kidogo kuelekea kwako, fimbo ishuke kwa pembeni, bega la fimbo, pale inapoanza kuwa nyembamba, lipite juu ya ukingo na kifundo cha mkono kiwe tayari kimeanza kurudi. Sauti inatoka kubwa vilevile. Inatoka nzuri zaidi, kwa sababu toazi limeachiwa nafasi ya kuitikia.

Najua kwa nini vijana wanapiga vile, na hapa lawama naigawa. Kinanda na gitaa vina spika, mwimbaji ana maikrofoni, mpiga dramu hana hata moja na kila wimbo anaambiwa "ongeza!" Anaongeza kwa mabega. Basi kama kazi ni ya kupiga kwa nguvu nje, uwanjani, kwenye upepo wa kusi, chukua toazi kubwa zaidi na nene zaidi, usinipasulie krashi nyembamba iliyotengenezwa kwa kuguswa. Au mwambie mwenye mitambo akuwekee maikrofoni moja juu ya seti. Moja inatosha.

Kuna atakayeniambia ni chumvi ya bahari. Nimeshaambiwa tayari, na mwenye mitambo mmoja. Chumvi inaliwekea toazi madoa ya kijani, kweli, na mimi ya kwangu nayafuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza kupiga. Lakini doa la kijani halichimbi tundu la kufuli na halipasui ukingo kwa usiku mmoja. Mahali chumvi inapoingia katika kesi hii ni kwenye stendi zenu nyinyi wenye mitambo mnaokodisha. Ile kona ya kuinamishia toazi imeshika kutu kwa sababu mnaacha stendi nje usiku kucha na upepo wa bahari, skrubu haizunguki tena, kwa hiyo kila toazi linalala sawasawa kama sinia, na tunarudi palepale nilipoanza. Tone la mafuta ya cherehani kwa mwezi lingemaliza jambo hili. Mnatoza pesa za kukodisha, mafuta ya cherehani yanawashinda?

Jambo la kubeba. Tulipokuwa tukifunga usiku ule nilikuta haihati zangu mbili, yale matoazi pacha ya kufunguliwa na kufungwa kwa mguu, zimesimamishwa kwa ukingo juu ya sakafu ya saruji, zimeegemezwa ukutani, watu wanapita. Zikianguka kutoka hapo, ukingo unapata kijichubuo kidogo kama umeng'atwa na mchwa. Hakionekani kitu. Baada ya wiki tatu ufa unaanzia pale pale. Mama yangu alinipa leso mbili za zamani, kila toazi nalifunga peke yake ndani ya begi, shaba haigusi shaba. Nimewaona wazee wa matari kule Lamu wakati wa Maulidi wanavyopasha ngozi za matari yao motoni kabla ya kupiga, kwa subira, wakizigeuza, wakizigonga kwa vidole kusikiliza kama zimefika. Hawana haraka na chombo. Sisi wa dramu tumeipata wapi haraka hii?

Niwaambie pia kinachonunuliwa ni kitu gani, labda mtakiheshimu. Matoazi mazuri ni mchanganyiko wa shaba asilimia 80 na bati asilimia 20, bati lile madini lenyewe, si mabati ya kuezekea. Kuna ya bei ya chini kidogo yenye shaba 92 na bati 8. Yale ya seti za kuanzia mengi ni shaba na zinki, na ndiyo hayo yanayolia vifuniko vya sufuria. Watengenezaji wa matoazi Zildjian walianza Istanbul mwaka 1623 na mpaka leo wanatengeneza mchanganyiko ule wa 80 kwa 20. Ni mgumu kuufanyia kazi, na usipotendewa vizuri huvunjika. Ndiyo maana toazi likishaanza ufa, ufa haukai mahali pamoja. Kila pigo unasogea.

NARUDI, naona watu wameshajibu.

Ndugu uliyesema nilipeleke kwa fundi wa kuchomelea: nakuomba usimshauri mtu yeyote hivyo tena. Shaba hii ikitengenezwa hupashwa moto kisha huzamishwa majini ipoe ghafla, ndipo inapokubali kupinda bila kuvunjika. Ukiipasha moto ikapoa yenyewe hewani, inakuwa kama kigae. Fundi ataziba ufa mmoja, na pembeni ya alipochoma patakatika vipande. Kilichobaki ni kuuzuia. Unatafuta ncha halisi ya ufa, mahali unapoishia kabisa, unatoboa tundu dogo kwa drili ya milimita 3 hivi ili ufa ukose ncha ya kuendelea nayo. Au kama uko ukingoni, unaukata wote kwa umbo la nusu mwezi, unalainisha kwa tupa na kumalizia kwa msasa mpaka kidole kisihisi chochote. Mimi yangu nimeikata jana. Inapigika. Sauti imepungua, ule mkia mrefu haupo tena na hautarudi.

Uliyeuliza kwa nini naazima watu kama nina uchungu hivi: kwa sababu nami niliazimwa. Nilijifunzia kwenye matoazi ya mtu mwingine, na yule mzee alinisimamia pembeni nyimbo tatu za kwanza akiniangalia mkono kabla hajaniacha. Sikatai kuazima. Nakataa kuazima na kugeuka.

Na wewe kijana, najua unasoma humu, jina lako sitalitaja. Sikudai 24,000. Nataka nusu, hata kwa awamu, na nataka uje Alhamisi jioni tunapofanya mazoezi, ulete fimbo zako, nikuonyeshe pembe. Kiongozi wako nimeshampigia simu, ameniambia nimpe siku mbili.

Kwa wenye mitambo: kuanzia wikendi hii nitafika na mfuko wangu wa vipande vya mpira wa petroli na felti za kandambili. Nitavalisha kila stendi kabla sijatoa toazi kwenye begi. Stendi isiyoinama, sipandishi kitu juu yake, na hizo dakika za kuchelewa kuanza mtazijibu nyinyi kwa bwana harusi.

Kama kuna mtu kati ya Mombasa na Lamu anauza krashi ya inchi 18 iliyotumika, aweke picha hapa. Picha ya tundu la katikati iwe ya karibu, na nyingine ya ukingo wote juani. Nitakuja mwenyewe, nitalining'iniza kwa kidole kimoja na kuligonga kabla ya kutoa shilingi.