Kuchelewa kulala ni uvivu au maumbile?

Fundi cherehani, Majengo Moshi: Jamani, mkono wangu unachangamka saa nne usiku. Mama mkwe alfajiri keshakata majani ya ng'ombe, ananiita mvivu. Eti watu wa usiku hatuna nidhamu?

Jibu: Pole dada. Watafiti Horne na Östberg walitunga dodoso la kupima nani ni mtu wa asubuhi na nani wa usiku mwaka 1976. Tafiti nyingi zinaonyesha watu wa asubuhi wana umakini zaidi na ratiba, ila tofauti si kubwa. Jeni na umri navyo vina mkono.

Jibu: Mimi nauza ndizi Mbuyuni, naamka saa kumi, na marejesho ya mkopo wa kikundi chetu cha VIKOBA bado nachelewesha. Nidhamu ipi?

Fundi: Kumbe umri! Basi mkwe anisubiri nizeeke. Saa sita hii, sare za kwaya zimebaki tatu.