Ushauri: Mwanafunzi kaandika MBAO, mimi nilitaka KETE. Nani ana haki?

Mwl_Tukuyu
Wakuu, habari za leo. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Tukuyu. Tangu muhula uanze, kila Ijumaa nabandika fumbo la maneno kwenye ubao wa matangazo, miraba 13 kwa 13, vidokezo nimetunga mwenyewe. Sitaki vile vya "mji mkuu wa Zambia". Nataka vya kufumba, ambavyo maneno ya kidokezo yenyewe yanabeba jibu, kama yale mafumbo ya magazeti ya Uingereza. Mvua za huku mnazijua. Watoto wakikosa uwanja wanasongamana pale ubaoni mpaka kengele inalia, na mimi nafurahi sana kuwaona.

Ijumaa iliyopita namba 9 mlalo ilisema: *Kinapatikana Makete (4)*, yaani jibu la herufi nne. Jibu langu KETE, maana neno limo ndani ya maKETE. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, kwao hukohuko Makete, akaandika MBAO. Nikamwekea mkasi wa kukosa. Akaja ofisini na karatasi yake, kwa adabu zote: "Mwalimu, kwetu mbao zinapasuliwa kila siku. Kete sijawahi kusikia zinatoka kwetu." Nikamwonyesha herufi kwa kidole. Akatazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa ningejuaje?"

Swali lake sijalijibu mpaka leo. Naombeni ushauri. Je, kijana ana haki? Na nawaelezaje majibu mpaka waone wenyewe kwamba jibu lilikuwepo tangu mwanzo? Halafu hizi CH na NG', ni mraba mmoja au miwili?

Mstaafu_Iringa
Kamwene mwalimu. Kijana ana haki, na nakuomba umrudishie alama yake mbele ya wenzake.

Fumbo la aina hii lina sehemu mbili. Ya kwanza ni maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo. Ya pili ni ufundi wa herufi, unaokufikisha kwenye jibu lilelile kwa njia nyingine. Ukiongeza neno la kuziunganisha, yatosha. Wewe umeweka ufundi, maana hukuiweka. Na "kinapatikana" mtu wa Makete atalisoma kama lilivyo, basi MBAO imetimia.

Ningeandika hivi: *Makete imeficha mbegu ya kuchezea bao (4)*. "Imeficha" inamwambia atazame ndani ya neno. "Mbegu ya kuchezea bao" inamwambia anatafuta nini. Akiiona KETE hana haja ya kuja ofisini.

Hata Waingereza walipitia hapohapo. Fumbo la kwanza la miraba alilitoa Arthur Wynne kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na vidokezo vyake vilikuwa vya kawaida. Mwaka 1926 gazeti la Observer la London likapata mtunzi aliyejiita Torquemada, jina la yule hakimu wa Kanisa wa Hispania aliyeogopwa kwa mateso. Wasomaji waliteseka kweli. Aliyemrithi mwaka 1939, Ximenes, alikuwa mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, na ndiye aliyesisitiza kwamba mtunzi lazima amtendee haki msomaji. Mwalimu mwenzako huyo.

Binti_Mufindi
Shikamoo mzee. Naongezea hapo kwenye maana ya jibu.

Mwalimu, andika LAMI ubaoni, waambie wakoroge herufi. Watakuletea MALI, MILA, LIMA, na IMLA ile ya shule ya msingi. Ukiuliza *Koroga lami (4)*, wote wanne wana haki. Ukiuliza *Koroga lami upate utajiri (4)*, linabaki moja. Fanya zoezi hili kabla ya maelezo yoyote. Dakika tano tu, darasa zima litajua kwa nini yule mwenzao alionewa.

Kwa maneno yenye maana mbili, wengi hukimbilia mbuzi, wa zizini na wa kukunia nazi. Huku kwetu mtoto anaweza kukua bila kuukalia mbuzi wa nazi hata siku moja, kwa hiyo unampima kwa kitu cha pwani. Mimi nilitunga: *Amri kwa mvunaji wa chai: malighafi ya mhunzi (5)*. CHUMA. Watoto wa hapa wanalifumbua kabla sijakaa.

Fundi_Mwanjelwa
Kwenye CH na NG' chagua moja usibadilishe. Mimi kila herufi naipa mraba wake, alama ya juu naiacha, ng'ombe inakuwa NGOMBE.

Ila kuna jambo la miraba yenyewe ambalo hujaliuliza. Kwenye mafumbo ya Kiingereza, kwa kawaida herufi moja ya neno hupishana na neno la wima au la mlalo, inayofuata haipishani. Kwa Kiswahili hiyo ni hatari, kwa sababu maneno yetu mengi ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Chukua KALAMU. Mapishano yakiangukia ya 1, 3 na 5, mtoto anapata K-L-M-, amelikaribia neno. Yakiangukia ya 2, 4 na 6 anapata -A-A-U. Hiyo yaweza kuwa MAPAFU, yaweza kuwa KARAMU. Chora miraba yako upya, kila neno lipate angalau konsonanti mbili za kupishana. KETE yako ilipishana herufi ngapi?

Mwl_Tukuyu
Moja tu, E ya mwisho, na lile neno la wima alikuwa hajalipata. Nimeelewa.

Mstaafu_Iringa
Basi na la kuwaeleza ni hili. Wamezoea vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" jibu lake ni yai kwa sababu bibi alisema ni yai, na asiyejua anatoa mji. Hapa hakuna kutoa mji. Kila jibu lithibitishwe ubaoni: mwite mwanafunzi apigie mstari maana, kisha azungushie duara herufi au neno la ishara, kama ile "imeficha". Asipoweza, kosa ni la kidokezo. Jaribu na hili: *Tobo na nusu ya mama, mji wa mpakani (7)*. TUNDU, kisha MA. Hata mtoto ambaye hajafika Tunduma atalitetea.

Mwl_Tukuyu
Nimerudi, wakuu. Leo nimeanza na lami kama dada alivyosema. Walipofika jibu la tatu wakaanza kucheka wenyewe na kumgeukia yule kijana. Nimefuta mkasi wangu wakiona, nikaandika alama. Kisha nikamwomba naye atunge kimoja. Amekaa nacho kipindi kizima, akaleta hiki: *Kasumulu imemeza kinachoua (4)*. Sikubadilisha hata nukta.

Binti_Mufindi
SUMU. Hiyo "imemeza" ameipatia hasa, mwambie.